Love Actually (2003): hadithi kumi ndani ya dakika 135. Watu wa skripti na uhariri njooni tuichambue

MtaaWaSinema (mleta mada)

Wakuu, Desemba ikibisha hodi tu kila mtu anaulizia muvi ya mapenzi ya Krismasi, na hii aliyoiandika na kuiongoza Richard Curtis lazima itajwe. Kuna nyuzi tele za kubishana nani alimfaa nani. Huu ni wa ufundi. Muvi yenye wapenzi wengi namna hii inasimamaje bila mtazamaji kupotea? Na kwa nini wanaoiga muundo wake huishia kutoa kitu kama matangazo ya biashara yaliyofuatana?

Hesabu kwanza. Dakika 135. Hadithi ni tisa, kumi ukimhesabu Rufus wa kaunta ya vito. Ukigawa, kila hadithi inapata robo saa hivi, na hapo hujatoa ufunguzi wa uwanja wa ndege, harusi, mazishi wala mwisho. Muvi ya kawaida ya mapenzi inawapa watu wawili zaidi ya dakika 90 peke yao. Hapa hamna nafasi ya wakutane, wazoeane, wagombane, wapatane. Sasa Curtis alifanyaje?

KalamuYaRisasi

Jibu la kwanza ni kwamba alikata, tena alikata vitu vilivyokwishapigwa.

Hakuanza na Krismasi wala na hadithi kumi. Alikuwa na muvi mbili tofauti mkononi. Moja ni ya waziri mkuu asiye na mke anayempenda mfanyakazi wa Downing Street (makazi na ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza), ndiyo sehemu ya Hugh Grant. Nyingine ni ya mwandishi aliyejichimbia Ufaransa akampenda msaidizi wa nyumbani wasiyeelewana lugha, ndiyo ya Colin Firth. Kuandika kila moja kwa urefu wake kulimchosha, akaamua kuzibana na kuzichanganya na nyingine, kwa mfano wa Robert Altman na muvi zake za watu wengi wanaopishana. Krismasi ilikuja baadaye, na ndiyo iliyookoa jahazi.

Hadithi zilifika 14. Nne zikaanguka, mbili kati yake zikiwa zimeshaingia kwenye kamera. Moja ilimfuata mwalimu mkuu wa shule (Anne Reid) hadi kwake, tukamkuta anamuuguza mwenzi wake wa maisha (Frances de la Tour) aliye mahututi. Tunamfahamu huyo mwalimu kupitia mtoto wa Karen (Emma Thompson) aliyepelekwa ofisini kwake kwa utundu. Nyingine ilianzia kwenye bango ukutani ofisini kwa Harry, mume wa Karen: picha ya Waafrika wakati wa njaa, kisha picha inapata uhai na tunawasikia wenyewe wakiongea.

Angalieni udhaifu wa zote mbili. Kila moja ina mlango mmoja tu. Ukiiondoa sini ya mtoto mtundu, yule mwalimu mkuu anabaki mgeni asiyejulikana katoka wapi. Hadithi ya mlango mmoja ndiyo ya kwanza kufa mezani kwa mhariri, hata iwe nzuri vipi.

MtaaWaSinema

Hapo kwenye Krismasi kuokoa jahazi, fafanua mkuu.

mkasi_na_gundi

Ngoja nimsaidie, maana hilo ni suala la uhariri.

Muvi ya wapenzi wengi ina tatizo la saa. Jozi ya kwanza imeishi siku moja, ya pili mwezi mzima, ya tatu hujui. Love Actually inaweka maandishi: wiki tano kabla ya Krismasi, nne, tatu, hadi mkesha, kisha mwezi mmoja baadaye. Kila maandishi yakitokea una ruhusa ya kuruka siku saba kwa wahusika wote kwa mpigo, bila mtu kusema "tangu tulipoonana juzi". Ndiyo maana Jamie, yule mwandishi wa Colin Firth, anaweza kufika Ufaransa, akazoea, akapenda na kurudi kwa sini chache tu. Wiki zimepita, kalenda imekuambia.

Faida ya pili ni tarehe ya mwisho. Kila mmoja anajua ifikapo mkesha atakuwa ameshasema au amenyamaza. Mwandishi hana haja ya kutunga sababu ya kila mtu kuamka usiku uleule.

Halafu kuna Billy Mack (Bill Nighy), mwanamuziki aliyechuja. Mzee huyu hahusiani na mtu yeyote zaidi ya meneja wake Joe. Wengine wanamsikia redioni na kumwona kwenye televisheni basi. Kazi yake ni kuwa saa ya ukutani: wimbo wake unawania namba moja ya wiki ya Krismasi, jambo ambalo Waingereza hulifuatilia kama matokeo ya mpira, kwa hiyo kila akitokea unajua tumebakiza kiasi gani. Nighy alipata BAFTA (tuzo ya filamu ya Uingereza) ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi hiyo, na alistahili.

ShangaziMkosoaji

Kalenda sawa. Lakini msitufanye tusahau kwamba baadhi ya hizo hadithi kalenda ndiyo inazibeba, ndani hamna kitu. Waziri mkuu na Natalie, yule mfanyakazi wake, wameongea mara ngapi? Anamletea chai na biskuti, wanataniana, rais wa Marekani anamsumbua, anahamishwa kazi, mkesha anatafutwa nyumba hadi nyumba. Mapenzi yenyewe yamejengwa wapi?

mkasi_na_gundi

Shangazi, hoja yako ni ya haki. Ile inabebwa na Hugh Grant na mkutano wa waandishi wa habari. Hotuba ya kumjibu rais ilikaa vichwani kiasi kwamba mwaka 2005 Tony Blair, akihutubia mkutano wa chama chake, alisema anajua wapo wanaotamani afanye kama Hugh Grant kwenye muvi hiyo.

Ila linganisha na hadithi ya Harry, mkewe Karen na katibu wake Mia, hapo ndipo darasa lilipo. Hesabu sini zake: ofisini, Mia anatafuta ukumbi wa sherehe. Sherehe yenyewe, wanacheza. Simu, Mia anasema anachotaka ni zawadi ya kutamani, siyo ya kuhitaji. Dukani Selfridges. Karen anapekua mfuko wa koti. Mkesha, zawadi inafunguliwa. Shuleni, Karen anamwuliza mumewe. Uwanja wa ndege. Sini nane hivi, nyingine fupi mno, na hakuna hata moja inayoonyesha Harry na Mia kitandani. Mkufu ndio unaofanya kazi hiyo yote.

Itazameni ile ya Selfridges taratibu. Mkufu ni paundi 270. Harry (Alan Rickman) anataka alipe aondoke, mkewe yuko humohumo dukani ananunua zawadi nyingine. Rufus (Rowan Atkinson) anatia kisanduku, anafunga utepe, anakitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa, anamimina vitumba vya waridi vilivyokaushwa, anaongeza lavenda, anachomeka kijiti cha mdalasini, kisha anatafuta tawi la holi. Kila anachoongeza kinamla Harry muda, na wewe unacheka huku ukiomba asikamatwe. Hapo umeshanaswa, umekuwa upande wa mwizi. Baadaye Karen akiukuta mkufu mfukoni mwa koti, kicheko chako chote kinageuka deni.

KalamuYaRisasi

Na zawadi anayofungua mkesha ni bapa vilevile, yeye anatarajia mkufu, inatoka CD ya mwimbaji Joni Mitchell. Mbegu ilishapandwa mapema: Karen alikuwa amemwambia mumewe kwamba ni Joni Mitchell aliyemfundisha kuhisi. Kwa hiyo zawadi siyo ya ovyo. Ingekuwa sweta, tungemchukia Harry tu na mambo yakaisha. CD inaonyesha anamjua mke wake vizuri, na bado mkufu kampa mwingine.

Nenda chumbani sasa. Kamera haimkimbilii Emma Thompson usoni. Amesimama, anapangusa machozi, ananyoosha shuka la kitanda ambalo halikuhitaji kunyooshwa, anajikusanya, anarudi sebuleni kuwawahisha watoto kwenye mchezo wa shule. Wimbo ni Both Sides Now, ile rekodi ya mwaka 2000 yenye okestra, sauti ya mtu mzima, siyo ile ya ujanani ya 1969. Wangeweka ya zamani sini ingepungua uzito wake nusu.

ReelYaNairobi

Hapo sawa kabisa. Ningeongeza Sarah na Karl, wafanyakazi wa ofisini kwa Harry, manake watu huisahau.

Harry anamwuliza Sarah (Laura Linney) amefanya kazi hapo muda gani. Anajibu: miaka miwili, miezi saba, siku tatu na saa mbili. Na amempenda Karl muda gani? Miaka miwili, miezi saba, siku tatu, na saa moja na nusu. Maswali mawili, majibu mawili, umepata historia yote ya hao watu. Skripti nyingine ingetumia kumbukumbu za nyuma za dakika tano kueleza hivyo.

Kitu chao ni simu. Inalia mara ya kwanza wakiwa chumbani, anapokea, ni kaka yake mgonjwa wa akili aliye hospitalini. Inalia mara ya pili. Karl anauliza kama kupokea kutamponyesha. Anapokea. Imekwisha hiyo. Hakuna aliyekosea, hakuna mbaya wao, na hawapatani tena. Muvi ya mapenzi yenye jozi nyingi lazima iwe na angalau moja inayoshindwa, la sivyo mtazamaji akishagundua kila mtu atapata, hofu inakufa na unabaki unasubiri mabusu kwa foleni.

FundiSauti_

Upande wangu ni muziki. Curtis anatumia nyimbo kuunganisha pale ambapo skripti haiunganishi. Harusi ya Juliet na Peter inamalizika kwa All You Need Is Love, mwimbaji Lynden David Hall, wanamuziki wakichomoza mmojammoja kutoka kwenye viti vya kanisa. Wazo hilo Curtis alilitoa kwenye ibada ya kumuaga Jim Henson, muundaji wa vikaragosi vya Muppets, ambako wenzake walikuja na vikaragosi vyao. Muda mfupi baadaye tuko kwenye mazishi ya mke wa Daniel (Liam Neeson), na kanisani inapigwa Bye Bye Baby ya Bay City Rollers kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza. Kanisa hadi kanisa, wimbo wa furaha hadi wimbo wa furaha, na moyo unashuka. Kukutanisha harusi na msiba hivyo bila kiungo cha sauti kungeonekana kama utepe umekatika.

Wimbo wa Billy Mack ni Love Is All Around uliovishwa nguo za Krismasi. Wa Troggs, 1967, kisha Wet Wet Wet wakaurudia kwa ajili ya muvi ya Four Weddings and a Funeral ya 1994, ambayo Curtis huyohuyo aliiandika, ukakaa namba moja Uingereza wiki 15. Kwa hiyo anajitania mwenyewe, na Waingereza waliokuwa wameuchoka walicheka mara mbili.

Kwenye tamasha la shule, Olivia Olson (Joanna, msichana anayependwa na Sam, mtoto wa kambo wa Daniel) aliimba All I Want for Christmas Is You kwa sauti yake mwenyewe, safi kupita kiasi. Ilibidi waongezee pumzi kwenye rekodi ili watu waamini ni mtoto anayeimba jukwaani. Somo kwa wanaorekodi: sauti ikiwa safi mno kuliko picha, mtazamaji anahisi anadanganywa hata kama hadanganywi.

ShangaziMkosoaji

Mnasifu mno. Nileteeni majibu ya haya.

Jozi tatu ni bosi na aliye chini yake: waziri mkuu na mletaji chai, Harry na katibu wake, Jamie na msaidizi wa nyumba. Natalie anaitwa mnene kila kona, na mwigizaji mwenyewe, Martine McCutcheon, hana unene wowote wa kutajwa. Mark (Andrew Lincoln) anarekodi harusi ya rafiki yake na kamera yote iko usoni mwa bibi harusi, kisha anamfuata mlangoni na mabango huku mume yuko ndani anatazama televisheni. Na mume huyo ni Chiwetel Ejiofor! Mwigizaji wa kiwango kile mnampa kazi ya kutabasamu sofani.

KalamuYaRisasi

Sehemu kubwa Curtis mwenyewe ameikubali. Kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani cha 2022, cha kuadhimisha miaka 20, alisema uchache wa watu wa asili tofauti kwenye muvi unamfanya ajisikie vibaya na mjinga kidogo. Mwaka uliofuata, akihojiwa na binti yake Scarlett, akakiri pia makosa ya utani wa unene.

Kiufundi tatizo la Peter ni hili: pembetatu ilipewa muda wa watu wawili. Juliet na Mark wamechukua dakika zote, Peter hana hata sini moja ya kutaka kitu. Keira Knightley alikuwa na miaka 17 wakati wa kupiga, miaka mitano tu zaidi ya Thomas Brodie-Sangster aliyeigiza mtoto Sam. Ukishajua hilo sini ya mabango inakaa vibaya zaidi.

ReelYaNairobi

Mabango yenyewe lakini ni darasa la kuandika bila mazungumzo. Mark anampa Juliet sababu ya kumdanganya mume: sema ni waimbaji wa Krismasi. Kanda inacheza nyimbo, yeye ananyamaza na kubadilisha kadi. Na anaondoka bila kudai chochote, ndicho kinachowafanya wengi wamsamehe. Mlango ule uko St Lukes Mews, Notting Hill, bado watu huenda kupiga picha.

Na Jamie na Aurélia (Lúcia Moniz, Mreno kweli) wana ujanja wao. Aurélia anainua kikombe kilichokandamiza karatasi, upepo unazipeleka kurasa za muswada ziwani, yeye anaruka kwanza. Majini wanaongea kila mtu lugha yake, na maandishi ya chini ya picha yanatuonyesha sisi kwamba wanasema kitu kimoja. Mtazamaji anajua wanapendana kabla wao hawajajua. Dakika chache zimefanya kazi ya saa nzima.

MtaaWaSinema

Safi sana. Sasa tushuke kwa anayetaka kuandika yake, bajeti ya kwetu. Aanzie wapi na atakwama wapi?

mkasi_na_gundi

Kumi asahau. Chukua jozi sita. Kadi za rangi, rangi moja kwa kila jozi, kadi nne kwa jozi: anataka nini, nini kinamzuia, itamgharimu nini, jibu. Hizo ni kadi 24. Sini moja ipe dakika mbili na nusu, unapata dakika 60. Ongeza sini tano za mkusanyiko, harusi, sherehe ya ofisi na mfano wa hizo, dakika nne nne, ni 20. Mwanzo na mwisho dakika 10. Jumla 90. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, kwa hiyo skripti ikivuka kurasa 100 jua kuna jozi ya kutoa.

Zitandaze kadi sakafuni kwa mpangilio wa muvi. Rangi ikipotea zaidi ya kadi nane mfululizo, mtazamaji ameshamsahau mtu wako. Rangi mbili zikifuatana kila mara, hizo ni hadithi moja, ziunganishe.

Kila jozi ipe kitu kimoja cha kushikika: mkufu, simu, mabango, ngoma anazopiga Sam. Jozi isiyo na kitu chake ndiyo itakayojaza mazungumzo ya kujieleza.

Gharama zinapotelea kwenye maeneo. Kila jozi inakuja na nyumba yake na kazi yake, jozi sita ni maeneo 12 kabla hujaanza. Curtis alibana: Harry, Mia, Sarah na Karl wote wako ofisi moja, hadithi mbili paa moja. Mia anaishi jirani na kina Natalie, Karen ni dada wa waziri mkuu na rafiki wa Daniel. Kisha mkesha anawamwaga wote shule moja: David (waziri mkuu) na Natalie, Karen na Harry, Daniel, Sam na Joanna. Ukumbi mmoja, jibu la hadithi tatu. Fanya hivyo na wewe. Nafuu yake kubwa ni waigizaji: steringi unamhitaji siku chache tu, hivyo mwenye jina anaweza kukubali.

KalamuYaRisasi

Nakazia, na ongezo moja la ufunguzi. Zile picha za watu wakikumbatiana Heathrow, uwanja wa ndege wa London, ni za kweli. Waliweka kamera za kificho kama wiki moja, wakiona kitu kizuri mtu anakimbia kuwaomba wahusika wasaini idhini. Ukitaka kuiga kituo cha mabasi, panga kibali cha eneo kabla, na mtu wa fomu asimame karibu na njia ya kutokea, siyo karibu na kamera. Akichelewa nusu dakika watu wameshapanda gari.

mpenzi_mtazamaji

Wakuu, samahani kuingilia. Inafaa kutazama sebuleni na wazee na watoto siku ya sikukuu?

ReelYaNairobi

Hapana, angalau siyo ilivyo. Uingereza ilipewa 15 (chini ya miaka 15 haruhusiwi), Marekani R (chini ya miaka 17 lazima awe na mtu mzima). Matusi ya Billy Mack yanaanza mapema, studio. John na Judy (Martin Freeman na Joanna Page) ni wale wanaosimama badala ya waigizaji kwenye sini za kitandani ili taa zipangwe, wako uchi huku wanaongea kwa adabu habari za foleni za barabarani. Kuna pia Karl chumbani, na Colin, kijana Mwingereza anayekwenda Marekani kutafuta wanawake, na wasichana wa Milwaukee.

mkasi_na_gundi

Tafuta toleo la televisheni. Mara nyingi John na Judy wameondolewa wote, na hakuna hadithi nyingine inayotikisika kwa sababu kiungo chao kikubwa ni Tony, rafiki wa Colin, anayefanya kazi kwenye seti yao. Mlango mmoja, kama alivyosema Kalamu. Ukikosa toleo hilo, shika rimoti wewe mwenyewe, na mwanzoni punguza sauti Billy akiwa studio. Ila mwishoni, Heathrow, kuna wawili watakaotokea wakionyesha pete, na wazee watakuuliza hao ni kina nani.